Barua ya wazi kwa TFF na wenye vilabu vya Tanga: msimwache kipa kabla hajaiva

Ndugu Rais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, ndugu wajumbe wa Kamati ya Utendaji, viongozi wa chama cha soka cha mkoa wetu, nanyi wenyeviti na wafadhili wa vilabu vya Tanga, kuanzia uwanja wa Mkwakwani hadi ule wa Jitegemee, Muheza.

Nawaandikia kwa ajili ya mtu mmoja tu katika kikosi. Si mshambuliaji, ambaye akifunga mawili Jumapili, Jumatatu simu yake haipoi. Wala si kocha. Ni kipa wa ligi za chini: yule wa Championship, wa First League, wa ligi ya mabingwa wa mikoa au ya mkoa wetu, anayedaka saa kumi jioni kwenye uwanja ambao goli moja lina nyasi na la pili lina changarawe tupu. Ujana wangu wote nimedaka katika ligi hizo, na leo nawafundisha vijana kudaka. Vidole vyangu viwili havinyooki tena, na sivijutii.

Ombi langu nalitaja mapema, ili hata asiye na muda wa kufika chini alipate. Naomba klabu yoyote ya ligi za chini isiruhusiwe kusajili kipa kama haina mambo matatu: mkataba wa maandishi wenye sahihi yake, jina lake katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mtu aliyesomea kufundisha makipa. Lifanyeni hilo kuwa sharti la leseni ya klabu na sharti la usajili, kama lilivyo suala la picha na cheti cha kuzaliwa. Najua mtauliza kwa nini kipa na si wachezaji wote. Wachezaji wote wanastahili mkataba na fidia, na kipa akifunguliwa mlango huo wenzake watapita. Lakini naanza na yeye kwa sababu yeye ndiye anayeachwa mapema kuliko wote, na kazi yake ndiyo inayochelewa kuiva kuliko zote.

Winga wa miaka 19 mwenye mbio anaweza kuishi kwa mbio zake. Kipa wa miaka 19 mwenye wepesi bado hana kitu. Kinachomfanya mtu awe kipa ni uamuzi: kujua krosi hii ni ya kutokea na ile ni ya kubaki mstarini, kumsoma mpigaji kwa nyonga na mguu wake wa kuegemea kabla hajapiga, kumpanga beki kwa sauti sekunde mbili kabla ya hatari. Hayo hayafundishwi kwa maneno. Yanataka mechi nyingi, na yanataka makosa mengi yanayosahihishwa na mtu anayejua alichokiona. Essam El Hadary wa Misri alidaka Kombe la Dunia la mwaka 2018 akiwa na miaka 45, na akapangua penalti dhidi ya Saudi Arabia. Juma Kaseja wetu aliitwa tena Taifa Stars mwaka 2019 akiwa KMC, miaka 34, watu wakiwa wameshamhesabu mstaafu. Septemba ile tulipoitoa Burundi kwa penalti Dar es Salaam katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia, ni yeye aliyesimama golini.

Edouard Mendy naye mwaka 2014 aliachwa na Cherbourg, timu ya daraja la tatu Ufaransa. Alikuwa na miaka 22. Akakaa karibu mwaka mzima bila timu, jina lake likiwa katika daftari la serikali la watu wasio na kazi, akifanya mazoezi na kungoja simu. Mei 2021 alibeba Ligi ya Mabingwa Ulaya na Chelsea, na Februari 2022 akabeba Kombe la Mataifa ya Afrika na Senegal. Nimeisimulia habari hiyo kwa vijana wangu mara nyingi, na kila mara yuko mmoja anayeuliza: ule mwaka mmoja, alikula nini? Ni swali la haki. Kipa wa Tanga akiachwa na miaka 22 hana daftari la kumtunza. Wiki ya pili yuko bandarini anatafuta kibarua, au amechukua bodaboda ya mkataba, au amekwenda mashamba ya mkonge. Wiki ya sita mwili umeshabadilika. Mwakani akiitwa majaribio, anayefika pale si yule aliyeachwa.

Wenyewe tunasema Tanga, waja leo waondoka leo. Mji unajivunia msemo huo kwa wageni, lakini kwa makipa wake wenyewe umekuwa ndio utaratibu wa kazi.

Kuna kijana ninayemfundisha, anakaa Duga. Alfajiri huwa soko la samaki la Deep Sea, anabeba ndoo mashua zinapoingia, na malipo yake mara nyingine ni samaki. Jioni anakuja mazoezini. Glovu zake ni za mtumba. Povu la viganjani limelika mpaka kitambaa kinaonekana chini ya kidole gumba. Kabla hajasimama golini anazilowesha maji na kuzikung'uta, maana povu kavu halishiki mpira. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto amekifunga pamoja na cha kati kwa plasta, na juu ya plasta amezungusha ukanda wa tyubu ya baiskeli ili jasho lisiifungue. Kidole kile kiliteguka msimu uliopita na hakikurudishwa vizuri. Akiruka kushoto anatua kwa paja na kiwiko kwenye kokoto, anainuka, anapiga viganja pamoja, na neno lake ni moja: "Mwalimu, lete tena." Ana urefu na mikono, na haogopi. Anachokosa ni hatua ya kwanza: anaanza kuruka kabla hajajipanga miguu. Ni kosa la kurekebishwa kwa miezi mitatu ya mazoezi ya kila siku. Kwenye klabu yake limekaa misimu miwili.

Limekaa kwa sababu klabu ina kocha mkuu na msaidizi wake, basi. Mazoezi yakianza, makipa wanaambiwa: nendeni kule mkapigiane. Wanakwenda nyuma ya goli, wanarushiana na kupigiana mashuti wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja akizoea kosa la mwenzake. Kisha wanaitwa wasimame golini ili washambuliaji wajinoe. Mazoezi yale ni ya washambuliaji. Kipa pale ni kifaa. Nani aliona kwamba mpira wa chini upande wa kushoto anauendea kwa mkono wa juu? Hakuna. Siku ya mechi mpira huo huo unapita, na watu wote wanaona.

Na Tanga ina ugumu wake. Bahari iko karibu na viwanja vyetu. Kusi likishika, mpira wa juu unaotoka upande wa upepo hauanguki pale jicho linapokuambia. Unakupita nusu hatua, ukiwa umeshaondoka mstarini. Kaskazi nalo lina namna yake. Masika ikija, ndipo ligi nyingi zinafikia mechi za kuamua, na eneo la goli linakuwa tope ambalo mpira ukidunda haupandi. Mambo haya yana mafundisho yake: wapi pa kusimama, lini upige ngumi badala ya kudaka, lini ulale nyuma ya mpira na mwili mzima. Wazee waliodaka hapa wanayajua. Wengi wao wanakaa vijiweni Ngamiani na hakuna aliyewahi kuwaita uwanjani, wala kuwapeleka kozi wapate cheti, ili wanachokijua kisife nao.

Kocha wa makipa si anasa. Mwaka 2003, Simba walipoivua Zamalek ubingwa wa Afrika kwa penalti kule Cairo, golini alikuwa Kaseja, kijana wa miaka 18. Kila Mtanzania mpenda mpira anakumbuka jina lake. Wachache wanakumbuka kwamba kocha wa Simba siku ile, James Siang'a wa Kenya, mwenyewe alikuwa kipa wa Harambee Stars. Kijana yule hakusimama Cairo peke yake. Alikuwa na mtu kwenye benchi aliyejua kinachopita ndani ya kichwa cha kipa mpira unapowekwa kwenye alama.

Sasa niseme juu ya karatasi, maana hapa ndipo panaponiuma.

Mkataba wa kipa wa ligi za chini kwa kawaida ni maneno. Kiongozi anakuja kijiweni au nyumbani, anasalimia wazee, anasema: tutakupa posho ya mazoezi, nauli, na kila mechi tukishinda kitu kidogo. Kijana anasaini fomu ya usajili, anadhani amesaini mkataba. Ile fomu inaifunga klabu nyingine isimchukue. Klabu yake haifungwi na lolote. Mimi bega langu lilichomoka ugenini, nikiwa nimetoka kupiga ngumi krosi, mshambuliaji akaja na goti. Uongozi wa timu niliyokuwa nikiidakia ulinipa nauli ya basi na kuniambia nikapumzike. Nilisafiri na bega limefungwa kwa khanga ya abiria mwenzangu, mama mmoja ambaye sikumjua na ambaye namwombea dua mpaka leo. Gharama za hospitali alizibeba mama yangu mzazi. Msimu uliofuata golini alikuwepo mwingine. Hakuna aliyenifukuza, kwa sababu hapakuwa na karatasi ya kunifukuzia. Timu ile siitaji, na viongozi wake sina kinyongo nao. Walifanya walichokikuta kinafanyika. Naandika ili kisiendelee kufanyika.

Ndugu viongozi, nchi hii ina sheria kwa ajili ya siku kama ile. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko wake ulianza kukusanya michango Julai 2015. Mwajiri wa sekta binafsi Tanzania Bara anachangia asilimia 0.5 ya mshahara anaolipa, kutoka mfukoni mwake, bila kumkata mfanyakazi hata senti. Mfanyakazi akiumia kazini, Mfuko unalipa matibabu, unamlipa kipindi ambacho hawezi kufanya kazi, na ukibaki ulemavu wa kudumu kuna fidia. Akifa, wategemezi wake wanaangaliwa. Sheria haikusema mwenye kiwanda cha saruji ndiye mwajiri na mwenye klabu ya mpira si mwajiri. Kipa anayelipwa ili adake ni mfanyakazi, na goli ndilo mahali pake pa kazi.

Tupige hesabu. Tuseme klabu inamlipa kipa shilingi 200,000 kwa mwezi. Asilimia 0.5 yake ni shilingi 1,000. Hata akilipwa mara mbili ya hizo, ni shilingi 2,000. Hakuna klabu ya Championship wala First League inayoweza kusimama mbele ya watu na kusema inashindwa kumlipia kipa wake shilingi elfu moja kwa mwezi. Kinachokosekana si hela. Kinachokosekana ni mkataba, maana bila mkataba ni vigumu kumwandikisha mtu kama mfanyakazi, na ukimwandikisha umekiri kwamba una deni kwake. Ndiyo maana nimeyafunga mambo hayo mawili kamba moja. Usajili siku hizi unapita kwenye mfumo wa FIFA Connect. Uwekeni utaratibu kwamba mkataba usipoambatanishwa, pamoja na namba ya klabu katika Mfuko, jina halipiti.

Mkataba ukiwepo, na haki nyingine zinapata mguu wa kusimamia. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, tangu mwaka 2018, zinasema mchezaji wa kulipwa asipolipwa mishahara miwili anaweza kuiandikia klabu na kuipa siku 15, na ikishindwa kulipa ana sababu halali ya kuuvunja mkataba na kuondoka huru. Kipa wa Pangani au Korogwe hawezi kuitumia kanuni hiyo. Atasema anadai mishahara miwili ya mkataba upi?

Na kichwa je? Kipa ndiye mchezaji anayetumbukiza kichwa mahali ambapo wenzake wanapeleka miguu. Oktoba 14, 2006, Petr Čech wa Chelsea aligongwa na goti dhidi ya Reading, dakika ya kwanza ya mchezo, fuvu likavunjika. Alirudi golini Januari 2007 na kofia ile ambayo dunia nzima inaijua, na Ligi Kuu ya England ikaweka utaratibu wa gari la wagonjwa kwa ajili ya wachezaji katika kila mechi. Kwetu, Desemba 2016, kijana wa timu ya vijana ya klabu ya Mbao alianguka uwanja wa Kaitaba, Bukoba, katikati ya mechi, na hakuinuka tena. Baada ya msiba ule tulisema mengi. Nendeni leo kwenye mechi yoyote ya ligi ya mkoa mwangalie kilichopo pembeni ya uwanja: chupa ya dawa ya kupuliza, ndoo ya maji, na mtu mwenye moyo mwema. Kipa akizimia kwa kugongwa, anamwagiwa maji, anaulizwa jina lake, na akilijibu anaendelea kudaka. Sheria za mchezo tangu Julai 2024 zinaruhusu mashindano kuweka nafasi ya ziada ya kumbadili mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo, ili kocha asione anapoteza. Iwekeni nafasi hiyo kwenye kanuni za ligi zote, hadi ya wilaya. Haigharimu chochote.

Kuna jambo ambalo viongozi wengi hawapendi lisemwe hadharani, nalo ni neno "ameuza". Mshambuliaji akikosa goli la wazi, watu wanasema leo hakuwa na bahati. Kipa akitema mpira, usiku huo huo imeshaenea kwamba amehongwa. Hakuna ushahidi unaotakiwa. Nimewaona vijana wakivuliwa glovu mapumziko na kuambiwa wasipande gari la timu. Nimeona wengine wakipelekwa mbele ya kile kinachoitwa kamati ya ufundi, ambayo haihusiki na ufundi wowote, waulizwe nani aliwapa nini. Kipa aliyeandikwa hivyo kwenye ligi ya mkoa hana pa kusafishia jina lake. Viongozi wa timu nyingine wanalibeba neno kama lilivyo, na hapo safari yake imeisha, huenda akiwa na miaka 23.

Sisemi upangaji wa matokeo haupo. Upo, na tuliuona mwaka 2016 katika Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold ilipoifunga JKT Kanembwa mabao 8-0 na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0 siku ya mwisho, kila upande ukisaka nafasi ya kupanda. TFF ilichukua hatua, timu zile zikashushwa na Mbao ya Mwanza ikapanda Ligi Kuu. Hatua ile ilikuwa ya haki. Ninachoomba ni kwamba yule ambaye hakutuhumiwa na TFF, ila na kijiwe, naye awe na mahali pa kusikilizwa. Chama cha mkoa kinaweza kulifanya hilo. Klabu inayomwacha kipa katikati ya msimu kwa madai ya kuuza mechi ipeleke madai hayo kwa maandishi ndani ya siku chache, na ikishindwa imlipe msimu wake wote na kumtangaza msafi. Kwa timu zilizozoea kutupia lawama golini, barua hiyo itakuwa nzito kuandika.

Msimu ule ule wa 2015/16 ndio uliotuvunja Tanga. Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, timu zote tatu za mkoa mmoja, zilishuka Ligi Kuu kwa pamoja. Coastal, waliozaliwa mwaka 1948 na kuchukua ubingwa wa nchi mwaka 1988. African Sports, Wana Kimanumanu, wakubwa zaidi kwa umri, wa tangu 1936, ambao ndiyo kwanza walikuwa wamerudi. Tulizungumza sana juu ya majina ya vilabu na historia yao. Juu ya makipa wa timu zile, wawili watatu kila moja, sikumsikia mtu akizungumza. Timu ikishuka bajeti inakatwa, na bajeti ikikatwa kipa wa pili na wa tatu ndio wa kwanza kuambiwa wajitegemee. Coastal walirudi msimu wa 2018/19. Vijana waliopaswa kuwa wanaiva katika miaka ile miwili ya kungoja walikuwa wameshatawanyika.

Ndipo watu wanashangaa kwamba Ligi Kuu imejaa makipa wa kigeni. Mimi sishangai, wala sina ugomvi na wageni. Ley Matampi alitoka Kongo akaja kudakia Coastal, na msimu wa 2023/24 akatwaa tuzo ya kipa bora wa Ligi Kuu mbele ya Djigui Diarra wa Yanga, timu ikamaliza nafasi ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mkwakwani ilimpenda, na alistahili kupendwa. Vijana wangu walikuwa wakienda mapema kuangalia anavyopasha misuli, na walijifunza kwake mambo ambayo mimi nilikuwa nayasema bila kueleweka. Wapo wanaotaka makipa wa kigeni wapigwe marufuku. Korea Kusini walifanya hivyo mwaka 1999, wakakaa na marufuku hiyo zaidi ya miaka 25, kisha wakaamua kuiondoa kuanzia msimu wa 2026. Ukimfungia mgeni mlango bila kumlea mwenyeji, unapata mwenyeji aliyehakikishiwa nafasi na asiyejua kazi. Klabu kubwa inanunua kipa aliyekwisha kuiva. Swali ni kwa nini kwetu hawaivi, na jibu liko huku chini, nyuma ya magoli ambako wanapigiana wenyewe.

Nataka kuwatendea haki viongozi wa vilabu vidogo, kwa sababu nawajua na wengi ni watu wa kujitolea. Klabu ya First League inaishi kwa mfadhili mmoja. Anauza mbao, au ana mabasi, au ni mbunge mtarajiwa. Akichoka, timu inalala. Mara nyingine nafasi ya ligi inauzwa, na timu inahamia mkoa mwingine kwa jina jipya. Tumeona Ihefu ya Mbarali ikihamia Singida na kuwa Singida Black Stars mwaka 2024. Timu inahama na nafasi yake, na kipa mwenyeji anabaki anaangalia vumbi. Mkataba wa Azam TV wa mwaka 2021 ulikuwa wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, hela ambayo haijawahi kuonekana katika mpira wetu, lakini ni ya Ligi Kuu. Hivyo sisemi vilabu vya chini vina hela na vinazificha. Nasema ninachokiomba kimepangwa kwa uwezo wao. Elfu moja kwa mwezi kwa fidia. Karatasi mbili za mkataba. Na kocha wa makipa ambaye vilabu viwili vya wilaya moja vinaweza kumtumia kwa zamu, Jumatatu huku na Jumanne kule, wakigawana posho yake. Muheza na Pangani wanaweza. Korogwe na Handeni wanaweza.

Na kwa upande wa TFF kuna jambo liko tayari, tena liko hapa hapa. Shirikisho lina kituo chake cha ufundi Mnyanjani, kilichojengwa kwa fedha za FIFA. Timu za taifa za vijana zinaweka kambi pale, jambo zuri. Lakini siku ambazo hakuna kambi, viwanja vile vyenye nyasi vinamngoja nani? Fungueni kituo siku mbili kwa wiki kwa makipa wa ligi za chini wa mkoa huu, wa vilabu vyote, wenye timu na waliokosa timu msimu huu. Hawa wa pili ndio hasa ninaowafikiria. Kijana aliyeachwa akijua kwamba Jumanne na Alhamisi kuna mahali pa kudaka, mbele ya mwalimu, kwenye nyasi, hatapotea. Mwalimu mmoja aliyesomea anatosha kuanza, na wale wazee wa Ngamiani niliowataja wawe wasaidizi wake wakisubiri kozi. Mipira 20, koni, na boksi la glovu. Klabu inayotafuta kipa katika dirisha dogo itajua pa kwenda kumwona, badala ya kuuliza kijiweni.

Mkilikubali hili, chama cha mkoa kinaweza kuanza na orodha: kila wilaya ilete majina ya makipa wake wote walio chini ya miaka 27, timu walizodakia, majeraha waliyonayo, na kama kuna yeyote mwenye mkataba mkononi. Kazi hiyo haizidi mwezi mmoja, na mimi na wenzangu tunaofundisha makipa tuko tayari kuzunguka wilaya zote kuikusanya, kwa nauli yetu, kuanzia Mkinga. Tunaomba tu barua ya utambulisho yenye muhuri, ili viongozi wa vilabu watufungulie madaftari yao, na iwe imetoka kabla dirisha la usajili la msimu ujao halijafunguliwa.

Wenu katika mpira,

Kipa wa zamani wa ligi za chini na mwalimu wa makipa vijana,
Ngamiani, Tanga